Chapa Mbili Shingoni mwa Chungu

Kwetu Wamaza vyungu vya wanawake wengi huchomwa katika shimo moja. Hupangwa, hufunikwa kwa majani makavu na maganda ya miti, moto huwashwa, na jioni kila mmoja huchukua vyake. Ugomvi ungekuwa mwingi kama si chapa. Kila mfinyanzi ana kijiti alichokichonga mwenyewe, na kabla udongo haujakauka hukigandamiza shingoni mwa chungu. Chapa ya mama yangu ilikuwa duara lenye mistari ndani, nayo ililalia kushoto kila mara, maana kidole gumba chake kilikuwa kimepinda tangu utoto. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alichonga msalaba mdogo. Mama akiwa hai, binti hupiga chapa yake peke yake. Mama akifa, binti huanza kupiga zote mbili, ya marehemu juu, yake chini. Jambo hilo hatukufundishwa. Tulikua tukiliona.

Yaya tulipotezana naye wakati wa vita. Risasi zilipolia watu walitawanyika porini; mama na mimi tukashika njia ya Kasongo, yeye akakimbilia upande wa mto. Baadaye mama alirudi Wamaza, mimi nikabaki Kasongo kufundisha historia. Wakawa wanakuja watu kumwambia mama kwamba wamemwona binti yake mahali fulani. Aliwachinjia kuku, wakala, wakafuta midomo, wakaenda zao. Mwishowe alikataa kusikia tena. Jina la yaya likawa halitajwi nyumbani, nami ukimya ule ulinikera kupita kiasi.

Hivi karibuni, wakati wa likizo, nilimsaidia mtafiti mmoja aliyetoka Kindu, mama wa makamo, kukusanya vigae vya zamani pale Nyangwe, ambako mto Lualaba unamega ukingo na kuvitoa nje. Aliweka karatasi juu ya kigae na kusugua mkaa mpaka chapa ijitokeze. Aliniambia kwamba Wagiriki wa kale nao walipiga mihuri kwenye mitungi yao ya mvinyo, na kwa mihuri hiyo watu wa leo wanajua mitungi ile iliuzwa hadi nchi gani. Akipata kigae chenye alama alicheka peke yake. Wachimba dhahabu waliopita walitushangaa, watu wazima tunashinda kwenye tope kwa ajili ya vyungu vilivyovunjika.

Siku moja alitaka tununue vyungu vipya sokoni ili alinganishe na vya kale. Nikainua kimoja, nikakigeuza, nikaona msalaba mdogo. Juu yake palikuwa na duara lenye mistari ndani. Nikakaa chini hapohapo, katikati ya samaki na mihogo ya watu.

"Mama, hii nyungu inatoka wapi?" nikamuuliza mwuzaji.

"Inatoka chini ya mto, kule maji inaenda. Wa mutumbwi ndiye analeta. Mutu mwenye kuifinyanga, siye hatumujue."

Mwenye mtumbwi naye alisema huvipata kwenye gati fulani, kwa wachuuzi ambao nao huvifuata kwingine. Nikamuaga mtafiti, nikapanda pikipiki na chungu kifuani hadi Wamaza. Njia ile mbovu sikuisikia.

Macho ya mama yalikuwa yamefifia. Alipitisha kidole shingoni mwa chungu, akafika kwenye chapa. Akarudia tena.

"Mutoto iko muzima," akasema. Kisha akainamisha uso. "Lakini amenizika."

Nilikuwa nimeona nusu tu ya habari ile. Duara lilisimama wima, halikulalia kushoto. Yaya alikuwa amechonga kijiti cha mama kwa kukumbuka, akakitumia kama anavyokitumia binti aliyefiwa. Mahali fulani kando ya mto alikuwa amekaa matanga ya mama yangu aliye hai.

Nilisema nitatuma ujumbe siku ileile. Mama akakataa.

"Alisha kunililia. Niko muzee, niko mugonjwa. Unataka anilie mara mbili?"

Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwambia miaka yote tumeishi kama watu waliofunga mlango kwa ndani, na sasa mtu anabisha. Akanigeuzia mgongo. Nikalala na hasira yangu.

Asubuhi nilimkuta amekaa uani. "Papa, niletee udongo," akaniambia, akiniita kama alivyoniita nilipokuwa mtoto, nami nilijua ameshinda nafsi yake. Maneno hakuyataka. "Maneno walinidanganya nayo. Yeye pia walimudanganya. Mukono wangu ataujua."

Alifinyanga polepole, akipumzika mara kwa mara. Kilitoka chungu kisicho kizuri, tumbo limeegemea upande mmoja. Akapiga chapa yake peke yake, ikalalia kushoto. Kilipochomwa nikakipeleka Nyangwe, nikamsihi mwenye mtumbwi akikabidhi kwa wachuuzi walewale, kiende hadi kwa mwanamke wa duara na msalaba. Alinitazama kwa huruma, akakipokea.

Mvua zilipoanza mama alishikwa na homa. Alikuwa akiuliza kila pikipiki iliyopita ni ya nani. Tulimzika kabla mihogo haijang'olewa. Nilirudi mbio Nyangwe kumzuia mwenye mtumbwi, lakini chungu kilikuwa kimekwisha kushuka na mto, kinatangaza kwamba mama yuko hai. Nilitembea kando ya maji yale nikilia kwa sauti, mwalimu mzima, na watoto wakiniangalia.

Yaya alifika mimi nikiwa bado Wamaza, matanga yamekwisha na wageni wamerudi kwao. Nilimwona kwa mbali akiteremka kwenye pikipiki, mnene kidogo, na mvi. Akajitwika mzigo wake na kuja kwa haraka, akicheka, akiniita kwa jina la utotoni. Kichwani alikuwa na chungu kile kilichoegemea upande, kimejaa samaki wa kukaushwa.

"Mama iko wapi? Nimemuletea samaki."

Nilinyoosha mikono nikampokea chungu kwanza.