Koko na Mwana wa Watu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kwetu Kabambare kulikuwa na jambo ambalo watu wazima hawakulifanyia mzaha: mgeni akifa bila mtu wa kwao kumlilia, kivuli chake hakiondoki. Hubaki palepale kikitafuta ndugu, na huwafuata waliokuwa karibu, hasa watoto.

Mwaka ule mama alipasuliwa tumbo katika hospitali moja ya Kasongo. Kwetu ndugu ndio humpikia mgonjwa na kumwogesha, basi Koko, mama mzazi wa mama yangu, alikwenda kumuuguza, akanichukua nimchotee maji na kupuliza makaa. Mama alikuwa ameanza kunywa uji, nasi tumefurahi, ndipo pikipiki ikamleta kijana kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Udongo ulikuwa umemwangukia. Alikuwa mtu wa mbali, upande wa Bukavu. Wenzake walimlaza, wakamwachia blanketi, wakaondoka. Daktari alimpima, kisha akaagiza apewe dawa ya maumivu tu. Sote tulielewa.

Kesho yake Mama Zaina, aliyekuwa akimuuguza mumewe, alimwita muuguzi.

"Mutoe huyu mutu inje, kwenye baraza. Humu iko watoto. Akikufa, kivuli chake kitafuata nani?"

Kijana alisikia. Aligeuza uso ukutani. Mimi nilijibanza nyuma ya Koko, nikitumaini kwamba watamtoa upesi.

Koko hakumkaripia Mama Zaina. Nadhani aliamini mambo hayo kuliko sisi sote.

"Unasema kweli," alijibu. "Mutu asiye na mama hapa atahangaika. Basi tumupe mama."

Akasogeza kigoda chake hadi kitandani kwa yule kijana.

"Mwanangu, nyumbani wanakuita nani?"

"Mugisho."

Koko aliloweka kitambaa amwogeshe, lakini kijana akalishika blanketi kwa mikono miwili. "Hapana, mama. Ninanuka. Nasikia haya."

Koko akaweka beseni chini. Alimwita mjomba wangu, aliyekuwa ametuletea mihogo kwa baiskeli, akamkabidhi sabuni, akatutoa nje wanawake wote tulioweza kutembea. Tukiwa barazani tulimsikia mjomba akizungumza habari za mpira, kisha tukasikia kicheko kidogo, kikakatwa na kikohozi. Tuliporudi, Mugisho alikuwa amevaa shati la mjomba. Mama Zaina alikaa akimtazama, halafu akafungua furushi lake, akatoa kitenge kisafi, akamfunika.

Jioni Mugisho alitamani sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakuweza kumeza; Koko alimpaka mchuzi midomoni, naye akafumba macho kwa utamu. Akaniona.

"Huyu ni nani?"

"Dada yako," Koko akajibu kabla yangu.

"Dada, unasomaka?"

Nikamweleza habari za shule, na za mwalimu wetu aliyemwogopa mbuzi. Sikumbuki hofu iliniacha saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimemshika kidole.

Alifariki mchana uliofuata, kichwa chake mikononi mwa Koko. "Mugisho, mwanangu, enda salama," Koko alimwambia. Kisha akalia kwa sauti ya mzazi. Mama Zaina akaketi chini kando yake, akalia naye, na sali nzima ya wagonjwa ikawafuata. Hata muuguzi alijifuta macho mbele yetu.

Mama alipona, tukarudi nyumbani. Siku moja mwanamke mgeni alishuka kwenye pikipiki uani kwetu. Alikuwa mama yake Mugisho, ameelekezwa kwetu na hospitali.

"Wakati wa kufa, mwanangu alikuwa anaita nani?" alimuuliza Koko.

"Alikuwa ananiita mimi mama. Lakini ni weye alikuwa anaona."

Mwanamke yule alilia sana. Halafu wakapika pamoja, akatusimulia utundu wa Mugisho alipokuwa mdogo, hata Koko akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa mimi ni muuguzi, na bado sijui la kusema kuhusu vivuli. Koko alipofariki, mama yake Mugisho alisafiri hadi kwetu. Alivua viatu, akaketi mkekani katikati ya mabinti wa marehemu, nao wakamsogelea. Nilipomwona pale nilijua kwamba siku ile, hospitalini, Koko hakuwa akiigiza.