Wifi Aliyekatazwa Kuwasha Moto

Wifi yangu ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Analisha watoto mia nne, ana sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani yake, na wapishi wanaume wenye vifua vya kubebea magunia wanaitika "naam, mama" akiinua mwiko tu. Lakini akija kwetu haruhusiwi kuwasha hata jiko la chai.

Sheria hiyo niliikuta. Wiki ya kwanza ya ndoa mume wangu alinikalisha kitako akanieleza. Alipokuwa na miaka minne, dada yake wa miaka kumi na miwili aliachiwa nyumba, mama yao akiwa mgonjwa kitandani. Dada akaacha jiko la mafuta linawaka, akaenda bombani kupiga soga. Nyumba ikashika moto. Alirudi mbio, akaingia ndani, akamvuta mdogo wake kutoka uvunguni mwa kitanda. Mama hawakumuwahi. Baba yao hakumsemesha tena binti yule ila kwa kumtuma, na siku anakata roho alikataa maji kutoka mkononi mwake.

Basi nikamwogopa, sifichi. Mimi ni mwoga hata wa paka. Hofu ikazidi binti yangu alipoanza kutembea. Wifi alikuja kila Jumapili, mpole, na kifurushi cha maandazi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Macho yake, hata hivyo, yalizunguka chumba kizima, na akiondoka kiberiti cha jikoni nacho hakipo. Siku moja nilipekua mkoba wake nikakuta viberiti vitatu. Mume wangu alipata habari akasema ndiyo maana hataki mtoto abaki naye peke yao hata dakika moja.

Wakati huo nilikuwa natafuta mtu wa kukaa na mtoto, maana msichana wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga. Wifi alijitolea. Nyumba yake ya shule ina uwanja, alisema, na mchana wapishi wake humpa nafasi. Nilijichekesha tu, nikabadilisha mazungumzo.

Jumapili iliyofuata nilitoka kununua sabuni, nikamwacha mume wangu awaangalie wifi na mtoto. Kumbe mwenzangu alisikia kelele za mpira kwa jirani, akaenda. Niliporudi nilisikia harufu ya kiberiti tangu mlangoni. Wifi alikuwa amechuchumaa jikoni, mtoto wangu mbele yake, na njiti inawaka katikati ya vidole vyake. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma, na kwa sababu iligoma nikasikia alichokuwa akisema.

"Ukiona moto, hata kama umeuwasha wewe, usijifiche. Usiingie uvunguni. Toka nje, umwite mtu. Hakuna atakayekupiga."

Akaizima njiti, akamshikisha mtoto kichwa cheusi cha njiti ile ili aone kilivyo na joto.

Sina akili nyingi, lakini neno lile la uvunguni lilinikaa. Mtoto asiye na kosa hukimbilia mlangoni, au kwa mama yake. Kwa nini mume wangu, huyu mwenye ndevu leo, alikutwa chini ya kitanda? Nilimtoa mtoto akacheze uani, nikafunga mlango, nikamuuliza wifi waziwazi nani aliwasha moto ule.

Alinawa mikono muda mrefu. Kisha akasema jiko lilikuwa limezimwa. Alipomtoa mdogo wake, mtoto alikuwa amefumbata kiberiti ngumini. Aliikunjua ngumi ile, akakitia kiberiti mfukoni kabla majirani hawajafika. Kesho yake mdogo wake hakukumbuka chochote. Aliuliza tu mama yuko wapi.

"Ilikuwa lazima mmoja wetu abebe lawama," alisema. "Yeye alikuwa na miaka minne, wifi. Ungempa nani?"

Nikamuuliza, hata baba yenu? Hata siku ile ya maji?

"Baba alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kumpenda. Ningemnyang'anya na huyo?"

Nililia mimi, yeye alinifuta kwa kanga yangu mwenyewe. Nimeona watu wakitangaza wema wao hata kwa wapita njia. Huyu angeweza kujitua mzigo kwa sentensi moja, mwaka wowote, na kila Jumapili alipokea chai kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimwokoa, na ambaye humwita muuaji, akasema asante. Sijawahi kumheshimu binadamu kiasi kile. Alinisihi jambo moja tu: mdogo wake asijue.

Jumatatu nilimpeleka mtoto kwake. Jioni mume wangu akauliza yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa shangazi yake. Uso ulimwiva.

"Umesahau alichomfanyia mama yangu?"

Nilimtazama, na ukweli wote ulikuwa umenijaa mdomoni.

"Sijasahau," nikasema. "Na atashinda huko kila siku."

Akaninunia wiki nzima. Nikanuniwa, nikanyamaza.