Biri ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyenitafutia kazi katika karakana ya biri, zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi. Yeye anasokota, mimi napigilia visanduku vya kuzipakia. Ananiita Bubu, kwa sababu mbele za watu maneno hunikauka.

Biri zake zilikuwa na sifa. Zilivutika bila taabu na majivu yake yalikaa bila kudondoka. Msichana mgeni akisahau uti wa jani ndani, mama mkubwa aliupapasa tu na kusema, "Umesokota ufagio, mwanangu?" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Juzi msimamizi alisema amepatikana mnunuzi mkubwa, na mzigo wake wote atasokota mama mkubwa. Mchana mama mkubwa mwenyewe akaniletea biri moja kule kwenye mbao zangu.

"Haya Bubu, onja kabla hazijatoka. Wewe huwezi kunidanganya, huna hata maneno ya kudanganyia."

Nikawasha. Nikavuta mpaka mashavu yakabonyea, ikaja hewa kidogo, chungu kama masizi. Moto ukakimbilia upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi. Mara jani la nje likafunguka kama bendeji, na katikati ukachomoza uti mnene kuliko njiti ya kiberiti.

"Hii kasokota nani?"

"Nani tena? Mimi, leo asubuhi. Hebu lete."

Akaipokea kwa upande unaowaka. Akaishika barabara, vidole vitatu juu ya moto, huku akinisimanga kwamba sijui kuvuta. Nikangoja aitupe. Hakuitupa. Harufu ya ngozi ikanifikia.

"Mama mkubwa, unaungua!"

Akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, akaiachia taratibu. "Aa. Kumbe ganzi imefika na huku."

Nikamgeuza kiganja. Kilijaa makovu, mengine ya zamani. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, na sikuwahi kuyaona! Nikakaa chini kwenye maranda.

"Usimwambie mtu," alisema. "Wakinitoa kwenye meza ile ya kusokotea, nitakaa wapi mimi?"

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Vipi bibi, ziko sawa? Tuendelee?"

"Muulize mwanangu," alisema mama mkubwa, akificha mkono ndani ya aproni. Alijua sitasema kitu.

"Hazifai," nikasema. Sauti ilitoka kubwa hadi nikashtuka mwenyewe. "Usipakie hata moja. Mikono yake ni migonjwa. Nampeleka hospitali sasa hivi."

Msimamizi akaingia ndani, akanikodolea macho. Sijui alishangazwa na habari yenyewe au na mimi kusema.

"Miaka yote namwomba mtoto huyu aongee," mama mkubwa alimwambia, "na siku anayofungua mdomo, anaanza na mimi."

Njiani alininunia. Tulipofika kwenye barabara kubwa, magari yakipita kwa kasi, alininyooshea mkono wa pili, ule ambao haukuungua, ili tuvuke. Nikaushika, nikaubana kwa nguvu zangu zote.

Alisimama tu, macho kwenye magari.

"Bubu," akasema, "umenishika au bado?"