Mboga ya Baba na Ubao wa Mama

Kiharusi kilipompata mama, neno moja tu lilibaki mdomoni mwake: ndiyo. Ukimuuliza kama anataka chai, ndiyo. Ukimuuliza kama hataki, ndiyo, huku amekutolea macho ya hasira. Tuliishi hivyo miezi minne nyumbani kwetu, katika mtaa uitwao Kenya wa mji wetu wa migodi, yeye, baba na mimi, binti yao wa mwisho.

Mtawa aliyemfanyisha mazoezi hospitalini ndiye aliyetufumbua macho. “Akili yake iko muzima,” alisema. “Maneno tu njo inamukimbia. Mumutengenezee picha.”

Baba, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mgodi, alikata kipande cha mbao nyembamba, akakipiga msasa hadi kikateleza. Mimi nilibandika picha nilizokata kwenye kalenda na makaratasi ya makopo ya maziwa. Zilizokosekana nilichora: maji, kitanda, choo, sufuria ya mboga, chumvi, kuku, mbuzi.

Jumapili, baada ya misa, tulimwekea mama ubao mapajani. Aliukagua. Kisha kidole cha mkono wake wa kushoto kikaenda kwenye mboga, kikarukia chumvi, kikamdunga baba kifuani.

“Mboga yangu haina chumvi?” baba akauliza.

“Ndiyo!”

“Ya leo?”

Mama akazungusha mkono hewani: siku zote.

“Miezi ine yote? Weh, mama ya batoto! Nilizani unaipenda!”

Mama akatafakari. Akamgusa baba tena, halafu polepole, kwa raha zake zote, akaweka kidole juu ya mbuzi.

Baba alicheka hadi akateleza kutoka kwenye kiti. Mimi nilishika ukuta. Na mama, kicheko chake kilikuwa kilekile cha zamani, ugonjwa haukukigusa hata kidogo.

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Aliuning’iniza ubao shingoni mwake kwa kamba, akaenda nao sokoni, akabishana na wauza samaki. Akanitaka nimchoree na majirani, apate kuwasema vizuri. Jirani wa mkono wa kuume alipojiona, akapiga yowe: “Miye njo huyu? Niko munene hivi?”

Kesho yake alirudi na picha yake ya studio, amevaa kitenge kipya, akanisimamia mpaka nikaibandika.