Magogo Saba

Zamani mtoto alijua kuruka mfereji kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Siku hizi anahesabu hadi mia, na penye mfereji anabebwa mgongoni.

Fundi seremala aliyaona hayo kwa mjukuu wake mwenyewe, binti wa miaka minne, kwa utani Tikiti, aliyeweza kuanguka hata palipo tambarare. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa chekechea alipomwomba atengeneze uwanja wa michezo, mzee hakutaka picha wala kitabu. Alikaa getini siku tatu na kamba, akimpima kila mtoto: fundo moja kwenye goti, jingine kwenye urefu wa hatua. Kisha akasimamisha magogo saba mazito, mafupi kwa marefu, mengine yamekaribiana, mengine yameachana kidogo, na chini akamwaga mchanga wa kuzamisha vidole.

Wiki ya tatu Tikiti alifika gogo la sita. Alipoona babu anamtazama, akaketi.

"Babu, nishushe."

"Ulipandaje huko?"

"Kwa miguu."

"Basi miguu unayo."

Akashuka kwa tumbo, amenuna. Lilibaki gogo moja tu.

Keshoye mwenyekiti wa kamati ya wazazi akaja kukagua usalama, faili mkononi.

"Mzee wangu, mbona hayalingani?"

"Kwani watoto wenu wanalingana?"

"Mimi naongelea usalama."

"Mguu haujifunzi kitu sakafuni, mwenyekiti."

Mwenyekiti, mtu wa kilo mia na viatu vya ngozi, akaamua kujaribu mwenyewe. Gogo la tatu lilikuwa limepimwa kwa goti la mtoto wa miaka minne. Akaenda chini, faili likamtangulia. Watoto wakasema "pole" kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Ripoti ikaandika kwamba uwanja umejaribiwa na haufai kwa watoto.

Magogo yakaondolewa. Mzee aliomba arudishiwe, akaambiwa ni mali ya shule.

Mara ya mwisho kuyaona ni siku alipomfuata Tikiti shuleni. Yalikuwa yamepangwa barazani, sasa ni viti vya kamati. Iliazimiwa yakatwe yalingane, ila msumeno ulikuwa bado unatafutwa. Mwenyekiti alikalia lililo fupi kuliko yote, magoti karibu na kidevu, akiongoza kikao kuhusu ukosefu wa mazoezi kwa watoto.

Kikao kikaisha, wakubwa wakatoka kwenda uani kupiga picha. Tikiti akalisogelea gogo la kwanza.

Mzee akageukia ukuta, maana mtoto huyu akitazamwa huketi. Ukuta ulihitaji rangi. Nyuma yake akasikia hatua moja, mbili, tatu. Ya nne ikachelewa. Ya tano, ya sita. Kisha kimya, kimya kirefu mno. Halafu hatua moja zaidi, na viatu viwili vikatua sakafuni kwa pamoja.

Akageuka. Magogo yalikuwa saba, yote matupu, na mtoto alikuwa ng'ambo ya la mwisho, amesimama.

"Babu, twende," alisema Tikiti. "Nina njaa."