Kaka yangu alifungia harufu ndani ya roaster, nusura miti ya mama ikatwe

Wakuu, salamu kutoka Tawa. Hii story ni ya ukweli, na kama nimetia chumvi basi kahawa yangu iungue tena.

Mimi nachoma kahawa kidogo kidogo na ka-roaster ka gas. Kahawa yenyewe ni ya miti ya mama. Ameitunza tangu tukiwa watoto, anapeleka factory, halafu anarudi nyumbani kunywa chai. Kuonja yake mwenyewe, hajawahi.

Sasa kaka yangu mkubwa Kyalo, mzee wa kanisa na bingwa wa kila kitu, akatoka Kwa Vonza na panga mpya. Ati miti imezeeka, ikatwe tupande machungwa.

Nilimwona mama akikunja leso yake bila sababu.

Nikamwomba Kyalo kitu moja tu: tuchome, tuonje, ndio aamue. Akakubali. Hata akaombea mashine.

Drum, lile pipa la ndani ya mashine, ikapata moto, nikamwaga kahawa. Ilipogeuka manjano nikafungua damper, kale kamlango ka hewa, moshi na maganda yatoke.

Kyalo akaruka. "Unaachilia harufu yote iende kwa majirani! Kwa kikombe itabaki nini?"

Wueh! Professor.

Nikaingia jikoni kuchukua ungo wa kupoza. Kurudi, bingwa amefunga damper kabisa na kuongeza gas mpaka mwisho, ati iive haraka. Moshi umejaa ndani, hauna pa kwenda. Kahawa ikatoka nyeusi tii kwa nje, ndani mbichi.

Tukasaga, tukachemsha, tukaonja. Masizi ya sufuria, wakuu. Kyalo akatema, akachukua panga. "Si niliwaambia? Miti imeisha."

Hapo nilikasirika. Lakini ni mama aliinuka. Akavuta kiti, akaketi katikati ya Kyalo na mashine.

"Choma ingine," akaniambia. "Huyu hatapita hapa."

Nikachoma. Moto wa wastani, na ilipoanza kupasuka kama bisi nikapunguza gas, nikafungua hewa vizuri. Moshi ukaenda zake, majirani wakafaidika.

Mama akaonja kwanza. Akaonja tena.

"Kumbe hii ndio nimekuwa nikipeleka factory miaka hii yote?"

Machozi yakamtoka. Na mimi pia, sioni aibu kusema.

Kyalo alimaliza vikombe viwili, halafu kwa ile sauti yake ya upole ya kanisani akaomba ya kubeba.

Mama akamwekea panga mkononi. "Kuna nyasi chini ya hiyo miti. Fyeka kwanza."

Nilichojifunza: moto ukipanda bila hewa, unaonja moshi, huonji kahawa. Na mtu akishaombea mashine, usimwache nayo peke yake.

Sasa nyinyi wenye roaster ndogo, damper mnafungua saa ngapi? Jibuni polepole, niko tu hapa kivulini na kikombe changu. Kyalo bado hajamaliza mstari wa kwanza.