Mnywesha Ukuta

Katika kota za wafanyakazi wa bwawa nyumba zote zilifanana, lakini mama mmoja aliijua yake hata akifumba macho, kwa harufu ya magunia yaliyolowa mlangoni. Kazi ya mumewe ilikuwa kulimwagilia zege jipya lisije likapasuka. Kutwa alitembea na mpira wa maji juu ya ukuta mweupe wa bwawa, mvuke ukimfunika hadi kiunoni, ungedhani anaelea. Kila baada ya hatua chache aliinama, akaligusa zege kwa mgongo wa mkono, akanong'ona, "Bado lina homa hili." Wenzake walimtania: "Baba Ukuta, umeshalinyonyesha leo?" Yeye alitabasamu tu, akalitandikia gunia taratibu. Hata usingizini vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji, vilipapasa shuka.

Mchana mmoja binti yao mdogo alichemka mwili mzima, na dawa ya zahanati haikushusha kitu. King'ora cha zamu kikalia. Baba akasimama mlangoni. Mama akamwomba Mungu kimoyomoyo. Mara akamwona mumewe anarudi ndani, anachovya kitambaa, anamkanda mtoto paji la uso, kisha makwapa, bila haraka. Nyapara akaja anahema.

"Kule juu kunakauka! Utafukuzwa kazi, ndugu yangu!"

"Mpira uko palepale," alijibu bila kugeuka. "Kamwagilie wewe. Mimi nina mgonjwa."

Baadaye kidogo mama alisikia kwa mbali maji yakiupiga ukuta kwa pupa, mkono wa mtu asiyezoea, na mtoto akafumbua macho, akaomba ya kunywa.